Vipimo vya chumba cha kusikilizia muziki

Vipimo vya chumba cha kusikilizia muziki ni urefu, upana na kimo vinavyochaguliwa ili besi isikike kwa usawa. Huu ni uamuzi wa siku ya kuchora ramani ya nyumba. Mazulia na mapazia huja baadaye na kutuliza sauti nyembamba, lakini besi huyapita kana kwamba hayapo, kwani wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8.

Kila jozi ya kuta zinazotazamana ina mvumo wake. Vivyo hivyo sakafu na dari. Mvumo wa kwanza hupatikana kwa kugawa mwendo wa sauti, takriban mita 343 kwa sekunde, kwa mara mbili ya nafasi iliyo kati ya kuta. Kuta zilizoachana mita 5 huvuma kwenye hezi 34, kisha 69, kisha 103. Hakuna chumba kisichovuma. Kinachoharibu muziki ni mivumo ya pande mbalimbali kurundikana kwenye hezi zilezile.

Mfano mbaya kuliko yote ni mchemraba. Chumba cha futi kumi kwa kumi, kama vilivyo vyumba vingi vya kupanga Afrika Mashariki, kikiwa na dari ya futi kumi pia, huvuma pande zote tatu kwenye hezi 56. Uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 55. Noti hiyo itanguruma, na jirani zake zitafifia. Mpigaji alizipiga zote kwa nguvu ileile. Chumba ndicho kilichozibagua. Chumba chenye urefu uliozidi upana mara mbili kamili kina ugonjwa huohuo, ingawa kwa kiasi kidogo.

Mwaka 1946 Mmarekani Richard Bolt alionyesha kwamba uwiano unaofaa si mmoja, bali ni eneo zima la uwiano. Wengine waliendelea kutafuta namba bora: Sepmeyer mwaka 1965, na Louden mwaka 1971, aliyependekeza 1 : 1.4 : 1.9. Kwa dari ya mita 3, uwiano wa Louden hutoa upana wa mita 4.2 na urefu wa mita 5.7. Mivumo mikuu ya mwanzo huangukia hezi 30, 41, 57, 60, 82 na 90: imetawanyika vizuri, ingawa 57 na 60 zimekaribiana.

Namba hizo zisiabudiwe. Hesabu yake hudhani sanduku lenye kuta ngumu kabisa. Tofali na zege hukaribia hali hiyo. Dari ya jipsamu hutikisika na kumeza sehemu ya besi. Kuta za mshazari haziondoi mivumo, huifanya tu iwe migumu kukokotoa. Ukubwa nao una faida yake, maana katika chumba kikubwa mivumo husongamana kuanzia hezi za chini zaidi na kuanza kusikika kama kitu kimoja. Katika chumba cha Louden kilichotajwa, kikiwa kimetulizwa vizuri, hali hiyo huanza karibu na hezi 150.

Mwenye chumba kilichokwisha kujengwa aanze na kiti. Katikati kabisa ya urefu wa chumba, mvumo wa kwanza wa urefu huo karibu hausikiki. Ukutani, husikika kwa nguvu zake zote. Spika zikiwekwa kwenye kona huamsha mivumo yote kwa pamoja, hivyo kuzisogeza hata nusu mita hubadilisha besi waziwazi.