Kodi, Kipande na Ng'ombe wa Dada: Kuusaka Ukoo wa Kibarua wa Marani

Geoffry Northcote alizaliwa Uingereza mwaka 1881, mwaka uleule ambao serikali ya Malkia Victoria iliwahesabu watu wake nyumba kwa nyumba. Alikuwa wa ukoo wa kilodi, kwa hiyo kumtafutia nasaba si kazi. Lakini hata mchimba makaa au mfua nguo wa enzi hiyo anapatikana. Tangu tarehe 1 Julai 1837 kuzaliwa, kuoana na kufa kulianza kusajiliwa huko, na tangu 1841 sensa ya kila miaka kumi ikawa inaandika majina na kazi za watu. Mjukuu wa kijakazi wa Manchester leo anaweza kuketi na vyeti vyake akapanda ngazi hadi kwa babu wa babu yake.

Januari 1908 Northcote alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Kisii, magharibi mwa Kenya, boma likiwa halijatimiza hata miaka miwili. Otenyo, kijana wa Kitutu, tawi mojawapo la Wagusii, aliyechochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Guyana ya Waingereza, kisha wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na vijiji vikachomwa na askari wa KAR, jeshi la kikoloni. Kwenye nyaraka, mmoja ana makabrasha na mwingine ana mistari michache, tena mistari hiyo aliipata kwa sababu ya mkuki. Je, jirani yake ambaye hakumrushia mtu mkuki? Yule wa Marani, huko huko Kitutu, aliyezaliwa mnamo 1890, akalima wimbi, akabeba mizigo ya vita, akachuma chai ya wenyewe, akazikwa nyuma ya nyumba yake?

Wazee watasema hahitaji karatasi. Na kweli, Mgusii aliyelelewa nyumbani aweza kuhesabu kutoka kwa baba hadi babu, hadi mlango wa ukoo, hadi Kitutu, hadi Mogusii mwenyewe, babu wa wote. Mwanahistoria William Ochieng' aliijenga historia yake ya Wagusii, iliyotoka 1974, juu ya masimulizi ya namna hiyo. Lakini nasaba ya mdomo ina kazi yake: inaeleza nani alime wapi, na nani asimwoe nani. Kinachosaidia kazi hiyo kinakumbukwa. Aliyekufa bila mwana wa kiume hudondoka njiani, mabinti husahaulika wakishaolewa mbali, na vizazi viwili vya wanaume wasio na sifa hukunjwa vikawa kimoja. Anayetafuta maskini kwenye nasaba ya mdomo hukuta wenye ng'ombe wengi.

Basi turudi kwenye karatasi, tukijua kwamba kila karatasi iliandikwa na mtu aliyekuwa anadai kitu. Wa kwanza kudai alikuwa mtoza kodi. Kodi ilitozwa kwa nyumba, na kwa Wagusii kila mke alikuwa na nyumba yake. Mwenye wake watatu alilipia tatu. Kwa hiyo pale risiti au hesabu ya nyumba inapopatikana, karani wa kodi anakuwa amekuandikia, bila kukusudia, idadi ya bibi zako. Majina yao hakuyahitaji, hakuyaandika.

Kisha wakaja wanajeshi. Septemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliingia Kisii, wakapigana na Waingereza, na katika vurugu hiyo wenyeji walipora boma na misheni ya Nyabururu. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyewahi kuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza, alikabidhiwa kazi ya kukusanya wapagazi wa vita kwa nguvu kote nchini. Mpagazi aliandikwa ili alipwe, na wengi waliokufa kwa kuhara na homa mishahara yao haikuwafikia jamaa zao. Serikali ilibaki nayo. Ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ya 2021 ilikiri kwamba zaidi ya watu 100,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Familia nyingi za Kitutu zina babu mmoja ambaye habari zake ni maneno mawili tu: "hakurudi vitani".

Aliyerudi alipewa kipande. Sheria ilitungwa 1915 ikaanza kutekelezwa baada ya vita, na ikadumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 au zaidi alining'iniza kikopo cha chuma shingoni, na ndani yake karatasi yenye jina, kabila, wilaya, alama za vidole, tajiri wake, kazi, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kuachishwa. Hakuna waraka wa kikoloni uliomfuata kibarua kwa karibu kama huu. Kwa mtu wa Marani kwa kawaida ulielekea mashariki, Kericho, kwenye chai, na kazi ya tiketi: siku 30 za kazi, zikamilishwe ndani ya siku 42. Ukikiona kimoja kwenye sanduku la bati la nyumbani, usitazame jina kwanza, tazama tarehe. Pengo la miezi miwili mara nyingi ndilo msimu wa kupanda, au arusi, au matanga.

Majina yenyewe yana mtego. Mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, hivyo jina hilohilo hurudi baada ya vizazi viwili na watu wawili huunganishwa wakawa mmoja. Na jina la pili lilikuwa la baba. Tuseme Nyakundi alimzaa Makori: huyo ni Makori Nyakundi, na mwanawe ni Onyancha Makori, basi Nyakundi ameshatoweka kwenye karatasi. Shule na kanisa ndizo zilizoligandisha jina moja likashuka kwa watoto wote. Daftari za ubatizo za Wakatoliki, walioanza Nyabururu mwaka 1911, humtaja baba na mama. Waadventista, walio wengi Gusii, hubatiza watu wenye akili zao, hivyo tarehe yao ni ya kuokoka, si ya kuzaliwa.

Nyaraka za Taifa, katika lile jengo la zamani la National Bank of India kando ya Moi Avenue, Nairobi, zina majalada ya wilaya yenye alama DC/KSI. Yana ripoti za mwaka, machifu, mvua, nzige. Kibarua wako humo ni sehemu ya jumla, si jina.

Mahali alipo kwa jina ni kwenye ugomvi, na ugomvi mkubwa wa Kisii ulikuwa mahari. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapo miaka ya 1940, alieleza mpango wenyewe: dada akiolewa, ng'ombe wake humwolea kaka yake. Ndoa ya dada ikivunjika, mkwe hudai ng'ombe wake, na ng'ombe hao wameshapelekwa kwa wakwe wa kaka, nao pengine wameshawatumia kumwolea mwana wao. Kesi ikifika kwenye baraza la wazee, ilibidi kila mnyama aelezwe: dume jekundu lililotoka kwa fulani, jike lililozaa mara mbili, binti wa nyumba ipi alileta yupi. Ukipata maelezo ya shauri moja la namna hiyo, una familia nne pamoja, wanawake wakitajwa kwa majina.

Hapo ndipo mtafiti anayeshikilia damu atakapochanganyikiwa. Baba ni yule ambaye ng'ombe wake walitolewa. Mjane akizaa na shemeji yake, mtoto ni wa marehemu. Mama asiye na mwana wa kiume aliweza kumtolea msichana mahari, na watoto wa huyo msichana wakawa wa nyumba yake. Kipimo cha DNA kitakataa, na familia itakuwa sahihi. Ni mtu wa mijini tu anayedhani hapo kuna siri ya kufichua.

Upimaji wa mashamba miaka ya 1960 na 1970 uliandika ukoo kwenye namba yenyewe: kiwanja cha West Kitutu/Bogeka kinakuambia milango ya nani ilikuwa hapo. Kadi ya ofisi ya ardhi inaonyesha mwenye kwanza, kisha siku shamba lilipogawanywa na namba mpya zikazaliwa. Kazi nyingi za ukoo Marani zianzie hapo, zirudi nyuma.

Au zianzie kwenye programu ya mazishi, ile ya kurasa nne au nane inayogawiwa chini ya hema. Hakuna nasaba inayochapishwa kwa wingi Gusii kuliko wasifu wa marehemu: mwana wa nani, wa nyumba ipi, ndugu zake nani, mabinti wameolewa wapi. Lakini wasifu husomeka jinsi familia ilivyokubaliana siku hiyo. Pale isipokubaliana, tazama mahakamani. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na tangu hapo anayetaka shamba la marehemu hupeleka mahakamani barua ya chifu yenye orodha ya warithi, na tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi. Orodha hizo mara nyingi huwaacha mabinti walioolewa. Nao huweka pingamizi, na katika hati ya kiapo huandika yote: mama alikuwa mke wa ngapi, nani alizaliwa kabla ya nani, nani alilelewa wapi, na ni kaka yupi aliyeoa kwa ng'ombe wa mahari yao.