TOCHI, KITOCHI NA UONGO WA T6

Nilikuwa Tunduma wiki nzima nikifuatilia habari ya malori. Habari yenyewe mhariri kaikata ikabaki aya nne (ndiyo kazi yetu, hatulalamiki), lakini nimerudi na jambo jingine ambalo gazetini halina ukurasa wake. Nalo ni tochi.

Baba yangu mdogo ni mlinzi wa usiku kwenye yadi ya malori upande wa Mpemba. Aliyewahi kufika mpakani anajua malori yanavyojipanga kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, na giza likiingia wanyonyaji wa dizeli nao wanaingia kazini. Baba mdogo alinunua tochi mpya kwa mmachinga mmoja. Boksi limeandikwa "lumeni 90,000", na pembeni "T6" kwa maandishi ya dhahabu. Usiku wa tatu akasikia dumu likigonga chuma. Akawasha, mwanga ukatoka mweupe wa kubluu kama umeme wa radi, akaanza kuzunguka yadi. Dakika kumi hazijaisha tochi imekuwa ya moto mkononi na mwanga umebaki wa kibatari. Asubuhi madumu mawili ya dizeli hayapo, na thamani yake ikakatwa kwenye mshahara wake.

"Mwanangu, wewe umesoma chuo kikuu," akaniambia. "Hebu niambie hii T6 ni kitu gani."

Jamani, sikujua. Nimesoma mambo ya mawasiliano ya umma, hakuna aliyenifundisha T6. Nikaanza kutafuta, na nilichokipata ni historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Tuanze na karabai. Wengi tunaijua kama ile taa ya mafuta ya kupampu yenye soksi nyeupe, ya kwenye harusi na mnada wa usiku, na ya wavuvi wa dagaa. Lakini jina lenyewe ni la taa ya zamani zaidi, iliyotumia kabidi: mawe ya kijivu ambayo ukiyamwagia maji yanatoa gesi ya asetilini, na gesi inawaka. Taa za namna hiyo ndizo zilizobebwa na wachimba migodi sehemu nyingi za dunia mwanzoni mwa karne ya 20. Likumbukeni hilo neno kabidi, litarudi.

Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round alipitisha umeme kwenye kipande cha kabidi ya silikoni, akaona kinatoa mwanga hafifu. Akaandika barua fupi kwenye jarida, mambo yakaishia hapo. Mrusi Oleg Losev akaliona jambo hilohilo kivyake, akaliandikia kwa kina mwaka 1927. Hakuna aliyejali sana. Dunia ilikuwa na balbu, na tochi ya betri ilikuwa imeshapata hataza Marekani mwaka 1899. Tochi hiyo ya balbu ndiyo tuliyokua nayo sisi: bati la kung'aa, betri mbili au tatu, na bibi anayeanika betri juani ili apate usiku mmoja wa ziada. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu nchini, betri ya tochi ilikuwa mali.

LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak wa General Electric mwaka 1962. Ilifaa kwa taa za redio na vikokotoo, si kwa kumulika njia. Kikwazo kilikuwa rangi ya bluu. Bila bluu hupati nyeupe. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walihangaika nayo miaka mingi, na Shuji Nakamura, fundi wa kampuni ya Nichia kule Tokushima, akatoa ya bluu yenye mwanga mkali mwaka 1993. Wote watatu walipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Mwaka 1996 Nichia ikaingiza sokoni LED nyeupe, na ujanja wake ni rahisi ajabu: chipu ya bluu iliyopakwa unga wa fosfa wa manjano. Bluu kidogo ikipenya na kuchanganyika na manjano, jicho linaona nyeupe. Zima tochi yako sasa hivi uchungulie katikati. Ule mraba wa manjano ndio wenyewe.

Kwetu Bongo mapinduzi hayo hayakuingia na tochi bali na simu. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikiwa na LED moja kichwani, na watu wakaipenda kiasi kwamba mpaka leo simu yoyote ya vitufe inaitwa kitochi, hata isiyo na taa! (Neno hili lina bahati kwetu. Dereva wa barabara ya Mbeya akikwambia amepigwa tochi, ujue kakutana na trafiki wa kupima spidi.) Mgao wa umeme wa 2006 na ule wa 2011 ukatuongezea hamu ya taa ndogo.

Sasa T6. Mwaka 1987 ilianzishwa Marekani, jimbo la North Carolina, kampuni iitwayo Cree. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kabidi ya silikoni, ndugu wa mbali wa ile kabidi ya taa na jiwe lilelile la Round na Losev, safari hii kama msingi wa kuoteshea LED za bluu. Mwaka 2006 wakatoa XR-E, ambayo kwa umeme wa miliampea 350 ilitoa lumeni 80, jambo lililowapagawisha wapenzi wa tochi duniani. Mwishoni mwa 2010 ikaja XM-L, yenye mraba wa milimita 2 kwa 2.

Chipu hazitoki kiwandani zikiwa sawa. Ni kama maharage ya Mbozi, lazima yapangwe madaraja. Kwenye XM-L, daraja la T6 lilimaanisha lumeni 280 au zaidi kidogo kwa miliampea 700. Juu yake kulikuwa na U2, inayoanzia 300. Basi, T6 ni daraja tu, tena si la juu kabisa. Ukiisukuma XM-L mpaka ampea 3, na ukaipoza vizuri, unapata kama lumeni 1,000. Viwanda vya kuiga vikaona herufi zile zinauza, vikaanza kuzichapa kwenye kila kitu. Cree yenyewe iliuza kitengo chake cha LED mwaka 2021, lakini T6 bado inauzwa barabarani kama vile ni cheo.

Na hizo 90,000? Hapa niliomba kalamu. LED nzuri hutoa lumeni 150 kwa wati moja, tuwape hiyo. Lumeni 90,000 zinataka wati 600. Betri ya lithiamu ya 18650, kubwa kidogo kuliko kidole gumba, inahifadhi takribani wati-saa 11. Ingeisha ndani ya dakika moja na sekunde chache, kama isingelipuka kwanza! Balbu ya H4 ya gari dogo ikiwa full inatoa lumeni 1,650 hivi. Yaani baba mdogo aliambiwa ameshika taa zaidi ya hamsini za gari. Betri nayo ilikuwa imeandikwa 9,900 wakati za ukweli huishia karibu na 3,500.

Nilipoifungua nikaona sababu ya dakika kumi. Chipu ilikuwa imekaa juu ya kibati chembamba, chini yake hewa tupu. LED haitoi joto mbele kama balbu, joto lake linashukia mgongoni, na lisipopata alumini au shaba ya kulibeba chipu inafifia na kuchakaa. Kwa hiyo anayechagua chipu na kusahau mahali inapokaa amechagua nusu tu.

Watafiti wa mradi wa Lumina walishawafuatilia watumiaji wa tochi za LED za bei rahisi kwa majirani zetu Kenya, wakakuta nyingi zinaharibika ndani ya miezi michache. Hasara ya mlinzi angalau inahesabika kwa dizeli. Siku moja nilipanda mpaka Saza, Wilaya ya Songwe, kwenye maduara ya dhahabu. Mchimbaji mmoja kijana aliniambia yeye anashuka na taa mbili, ya kichwani na ya mfukoni, kwa sababu siku taa ilipomzimikia chini alikaa amekumbatia kamba mpaka mwenzake akamfuata. Yeye hataki mwanga wa kufika mbali. Anataka uliotawanyika, wa kudumu zamu nzima, na unaoonyesha rangi ya jiwe ilivyo. Chipu za namna hiyo zipo, Nichia wanazo zinazovuka alama 90 kati ya 100 kwa uaminifu wa rangi, ila zinatoa mwanga pungufu kidogo na boksi lake halina la kujisifia. Mlinzi ni kinyume chake. Umbali unatokana na chipu ndogo yenye mng'ao mkali, ndani ya kikombe kipana cha kurudisha mwanga, hata kama lumeni ni chache.

Tukampatia baba mdogo ya namna hiyo, iliyoandikwa lumeni 700. Bei yake ni mara tano ya ile ya kwanza, nusu nimelipa mimi na nusu analipa kidogo kidogo. Alipoiona akaishika, akaigeuza, akauliza mbona haijaandikwa T6.