Safu ya lugha: Kuwasha au kuamsha?

Kuwasha kumetokana na kuwaka, na kuamsha na kuamka. Kwa kompyuta ya nyumbani inayoitwa kutoka mbali, kitenzi cha pili ndicho sahihi, kwa sababu mashine hiyo haijazimika kabisa. Kadi yake ya mtandao hubaki ikipata umeme kidogo, ikisubiri ujumbe maalumu: baiti 6 za mwanzo, kisha anwani ya kadi hiyo ikirudiwa mara 16. Ikiitambua anwani yake, huiamsha mashine nzima.

Wapo watakaosema kwamba chombo hakilali. Lakini saa nayo husimama bila miguu, na hakuna anayelalamika. Wengine watasema kuwasha kumeshazoeleka. Basi neno hilo libaki kwa anayebonyeza kitufe. Tofauti hii ina faida hata Pepa, kwenye nyanda za juu za Marungu, jimboni Tanganyika. Mwenye kompyuta inayotegemea paneli ya sola akielewa kwamba huamshwa kilicholala tu, atajua pia kwamba betri ikiisha, ujumbe kutoka mjini Kalemie hautaifufua. Tuseme kuamsha.