Hitilafu na Itifaki

Mpitimbi iko kusini mwa mji wa Songea, katika upande wa nchi unaoteremkia Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, ambako kwa dahari nyingi habari haikuwa na chombo ila miguu ya binadamu. Na mimi, niliyetumia sehemu kubwa ya umri wangu katika kazi ya kutafuta ubovu wa laini, kwanza laini za simu na baadaye za kompyuta, siwezi kuingia katika ofisi yoyote ya huku nikamkuta karani ameshika tama mbele ya kioo kinachomwambia kwamba huduma ya mtandao haipatikani, bila kukumbuka kuwa mashaka yake ni ya zamani kuliko mashine iliyo mezani pake.

Lugha yetu imeyahifadhi mashaka hayo vizuri. Neno hitilafu, tunalolitumia kwa kila chombo kilichoharibika, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza si kuvunjika bali ni kutokubaliana. Na neno itifaki, ambalo mafundi wa leo wamelipa kazi ya kutaja kanuni ambazo kompyuta mbili huzifuata zinapozungumza, ni kinyume chake kabisa, maana yake mapatano. Hata neno simu, ambalo kila mtoto analo mdomoni, ni la Kiajemi na maana yake ni waya. Wazee wetu waliliazima siku waya ulipoanza kusema, nalo likabaki hata sasa ambapo simu ya mkononi haina waya wowote. Niliyejifunza kazi hii kwa Kiswahili nilipata faida ya kujua tangu mwanzo kwamba mtandao ulioharibika ni watu wawili walioacha kukubaliana, na kwamba shughuli ya fundi ni kupatafuta mahali mapatano yao yalipokatikia.

Kabla ya waya, nchi ya Ungoni ilijua mtandao wa namna nyingine. Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897, na mwaka uliofuata watawa Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Peramiho, lakini barua za boma na za misheni zilikwenda mikononi mwa matarishi kama zilivyokwenda habari nyingine zote. Mwaka 1905 maneno ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalivuka misitu na mito mpaka yakafika Ungoni kwa wajumbe walioitwa hongo, bila nguzo hata moja, na misheni ya Peramiho ikateketezwa mwaka huohuo. Vita hivyo vya Majimaji vikamfikisha Nduna Songea Mbano kwenye kitanzi mwaka 1906, naye ndiye aliyeuachia mji jina lake. Nataja haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba mawasiliano yalianza kwetu na minara ya juzi. Hongo naye alikuwa na itifaki yake, na alipokosea ujumbe, au alipouawa njiani, hitilafu ilitokea, nayo ililipwa kwa damu.

Waya wenyewe ulianzia baharini. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza iliutandika waya wa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, kisha Msumbiji na Durban, na mwaka 1890 Wajerumani wakaunganisha Unguja na Bagamoyo na Dar es Salaam. Upande wa magharibi, kampuni ya Cecil Rhodes iliyoundwa mwaka 1892 ilipeleka waya wake kutoka kusini ukapita ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kwa Karonga, ukafika Ujiji na hapo ukakoma, usiifikie Misri aliyoiota mwenyewe. Waya huo uliwapita Wangoni ng'ambo ya maji. Na kila ulipopita waya katika Afrika ya Mashariki, palitokea kazi ambayo haikuwako kabla yake: kazi ya mtu anayefuata laini kwa miguu, akitazama nguzo moja baada ya nyingine, kwani mchwa walizila nguzo za miti, tembo walijikuna kwazo, twiga alipita na waya shingoni, na watu waliona shaba ile ilivyong'aa wakaikata kuifanya bangili, jambo ambalo siwalaumu sana, maana hakuna aliyewaeleza ile shaba ilikuwa ikisema nini.

Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye nilimwamkia shikamoo kila alfajiri kwa miaka mingi na hakuna siku aliyoitikia marahaba bila kuniuliza jana niliandika nini katika daftari, alinirithisha mambo mawili, nami sijaona la tatu lililoyapita. La kwanza ni kugawa. Ikiwa kuna vituo 16 kati yako na mwenzio asiyesikika, usianze kutembea kutoka cha kwanza. Nenda cha katikati, piga simu nyuma, piga simu mbele, utajua ubovu uko nusu ipi, kisha uigawe nusu hiyo tena, na baada ya majaribio 4 utakuwa umesimama mbele ya mkosa. La pili ni kupima kabla ya kugusa. Alinionyesha daraja la Wheatstone, kipimo kilichotungwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833 na kutangazwa na Charles Wheatstone mwaka 1843 hata jina likamwendea huyo wa pili: unauchukua waya mzima na waya mbovu, mwenzako anazifunga pamoja kule mwisho, unalinganisha ukinzani wa pande mbili mpaka mshale wa kipimo usimame kati, na hesabu inakutajia umbali wa ubovu nawe hujatoka kitini. Mzee wangu alikuwa akifumba macho wakati mshale unatulia, kama mtu anayesikiliza.

Aliyakazania haya kwa sababu alijua historia ya wasiopima. Waya wa kwanza wa kuvuka bahari ya Atlantiki, uliotandikwa Agosti 1858, ulipoanza kusema kwa sauti dhaifu, Wildman Whitehouse aliyekuwa na dhamana yake hakutafuta sababu ya udhaifu, bali aliusukuma kwa umeme wa volti zipatazo 2,000, na waya huo ukafa kabla ya kutimiza miezi miwili. Naona roho ya Whitehouse ikitembea katika ofisi zetu kila mtu anapoizima kompyuta na kuiwasha, akaizima tena na kuiwasha tena, huduma ikarejea, akaenda zake ameridhika. Kuzima na kuwasha si dhambi, na mimi nafanya. Lakini ni kuwapatanisha wagombanao kwa kuwafukuza wote barazani, nao kesho watagombana palepale.

Habari za mashirika nitazipitia upesi. Posta na Simu ya Afrika Mashariki ilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, nchi yetu ikaunda shirika lake la Posta na Simu mwaka uliofuata, na tangu Januari 1994 posta na simu zikatengana. Kompyuta nayo iliingia serikalini mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, na taabu zake zikawa nyingi kiasi kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wake nchini. Wengi husimulia marufuku hiyo kwa mshangao. Mimi naielewa, kwa kuwa mashine ambayo hakuna mwananchi awezaye kuitafutia ubovu ni ya mgeni hata kama umeilipia.

Ziliporuhusiwa tena, na katika miaka ya 1990 zikaanza kufungwa mbili tatu katika ofisi moja, nilikuta kwa furaha kuwa zimeunganishwa kwa Etheneti, iliyobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs huko California mwaka 1973, nayo ilikuwa laini ya nguzo za zamani iliyoletwa ndani ya nyumba. Kebo moja ilipita nyuma ya meza zote, na kila mwisho ulikuwa na kizibo kidogo chenye ukinzani wa omu 50 cha kuumeza mwangwi. Kizibo kimoja kikilegea, mathalani kwa ufagio wa mhudumu wa asubuhi, meza zote hunyamaza pamoja na hakuna ajuaye ni ya nani iliyokosa. Niliigawa kebo katikati, nikahamishia kizibo pale, nikaona nusu ipi imefufuka. Mzee wangu hakuwahi kuigusa kompyuta maishani mwake, lakini ufundi uliokuwa mikononi mwangu siku hiyo ulikuwa wake.

Baadaye kila meza ikapata kebo yake iendayo kwenye swichi, na ubovu ukahama kutoka katika shaba ukaingia katika mapatano. Tangu mwaka 1983 liko daftari la majina, ambalo hubadili jina la mahali liwe namba, na tangu mwaka 1993 kuna mgawaji wa anwani, ambaye huipa kila kompyuta namba ya kukaa kwa muda. Mgawaji asipojibu, kompyuta nyingi hujipa zenyewe namba inayoanza na 169.254, na fundi aionapo namba hiyo hana haja ya kuulaumu mnara wala mvua: mashine hii imebisha mlango wa jirani na haikukaribishwa. Hodi yenyewe nayo ina mwanzilishi wake. Desemba 1983 Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ndogo aliyoiita ping, isiyo na kazi ila kupiga hodi kwa kompyuta nyingine na kuhesabu muda wa kuitikiwa. Nami huitumia kama nilivyofundishwa, kwanza kwa mashine yenyewe, kisha kwa ruta ya ukutani, kisha kwa mlango wa mtoa huduma, kisha mbali zaidi, nikijongea mpaka nifike pale karibu inapokoma.

Leo Songea imo katika mkongo wa taifa wa mawasiliano, na tangu mwaka 2018 umeme wa gridi umeifikia kutoka Makambako, badala ya jenereta za dizeli zilizokuwa zikiunguruma mjini. Uzi wa kioo umeurudisha ujuzi wa daraja la Wheatstone kwa sura ya nuru: fundi hupeleka mwako mmoja wa mwanga, ambao hukimbia ndani ya kioo kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde, na mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ubovu uko kilomita 100 mbele yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini karibu na Durban, mtandao ulififia Tanzania nzima, na huku kwetu watu waliwapigia mafundi wa jirani kelele kwa kosa lililokuwa chini ya bahari ya nchi nyingine.

Lakini hitilafu iliyonifunza zaidi ya zote haikutoka baharini. Katika zahanati moja upande huu wetu, ambayo sitaitaja, kompyuta ya kupelekea hesabu na taarifa serikalini ilikuwa ikikataa kazi kwa zamu isiyotabirika: siku nne njema, siku mbili haifungui mfumo, kisha njema tena. Walikwisha badili ruta, wakabadili laini, na aliyekuja kabla yangu aliipakia programu zote upya akalipwa. Dada muuguzi aliyenipokea aliniambia, "Mzee, mtandao upo, maana simu yangu inashika hapahapa. Hii mashine ndiyo yenye chuki na sisi." Nikamwuliza kama aliandika siku zake za kukataa. Hakuandika, ila alikumbuka chache, na tulipokuwa tukizihesabu kwa vidole macho yangu yaliangukia karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa jokofu la chanjo, ambayo wauguzi huijaza joto asubuhi na jioni bila kukosa, na pembeni mwake mwandiko wake mwenyewe ulisema mara kwa mara: umeme umekatika usiku.

Tukazilinganisha. Kila asubuhi aliyoikumbuka ilifuata usiku wa namna hiyo.

Nikaichomoa kompyuta ukutani, nikahesabu mpaka mia, nikaiwasha, nikamwonyesha pembe ya chini ya kioo: saa yake ilisema ni usiku wa manane wa tarehe mosi Januari, miaka kadhaa iliyopita. Ndani ya mashine kuna betri ya mviringo ya volti 3, upana milimita 20 na unene milimita 3.2, ambayo huihifadhi saa umeme usipokuwapo, na hiyo ilikwisha kufa. Mfumo wa serikali, kwa ulinzi, huonyesha hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha; mashine iliyoamini kwamba iko miaka ya nyuma iliiona hati hiyo kuwa haijaanza, ikakataa kuongea na mgeni. Kwa kawaida kompyuta isiyo chini ya seva huirekebisha saa yake kwa kuuliza mtandaoni, lakini tofauti ikizidi saa 15 hudhani imedanganywa, ikashikilia yake. Mtu akija akaipanga saa kwa mkono, mambo hutengemaa mpaka umeme ukatike tena. Shaba ilikuwa nzima, ruta nzima, mnara mzima. Wawili hawa walihitilafiana juu ya leo ni lini.

Nilirudi kesho yake na betri mpya kutoka mjini. Dada muuguzi alichukua daftari la shule, akaliandika juu jina la mashine, akaibandika betri ya zamani kwa utepe katika ukurasa wa kwanza, na chini yake, baada ya kuitazama saa ya ukutani, akaandika tarehe.