FRM ni Cheti, Leseni au Ithibati?

Msimamizi wa vihatarishi anapoandika FRM (Financial Risk Manager) baada ya jina lake, wengi wetu husema ana cheti. Naona neno hilo ni dogo. Cheti hupewa hata aliyehudhuria semina ya siku mbili, na akishakitundika ukutani hakimdai kitu tena.

FRM hutolewa na GARP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vihatarishi kilichoanzishwa mwaka 1996. Mtahiniwa hufanya mitihani miwili ya saa nne nne, wa kwanza wa maswali 100 na wa pili 80. Hata akifaulu yote hajawa FRM mpaka aoneshe uzoefu wa kazi wa miaka miwili. CRISC ya chama cha ISACA, inayohusu vihatarishi vya teknolojia ya habari, inadai zaidi: uzoefu wa miaka mitatu, kisha mafunzo endelevu yasiyopungua saa 20 kila mwaka na saa 120 katika miaka mitatu. Asiyetimiza anaweza kupoteza hadhi hiyo huku karatasi ikibaki kabatini.

Leseni haifai, kwa kuwa ni ruhusa ya mamlaka. GARP na ISACA ni vyama tu.

Ithibati inakaribia. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa thabiti na thibitisha. Ila Tanzania neno hili lina wenyewe: vyuo vikuu hupewa ithibati na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya Wanahabari. Huko kwa wanahabari ithibati ni ruhusa ya kufanya kazi, yaani leseni kwa jina jingine.

Mimi nachagua uthibitisho wa kitaaluma. Kila mwajiriwa anajua maana ya kuthibitishwa kazini: unaajiriwa, unakaa kipindi cha majaribio, unapimwa, ndipo barua inakuja. Anayethibitishwa ni mtu, na kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Hiyo ndiyo maana ya FRM. Neno "kitaaluma" lazima libaki, lisije likachanganywa na barua ya mwajiri.

Kwa hiyo tangazo la kazi liseme: "Mwombaji awe na uthibitisho wa kitaaluma wa FRM au CRISC ulio hai." Hapo ofisa rasilimali watu hataridhika na nakala ya karatasi, atatafuta jina la mwombaji katika orodha ya chama chenyewe.