Répression (albamu ya Trust)

Répression (yaani "Ukandamizaji") ni albamu ya pili ya studio ya bendi ya muziki wa hevi metali kutoka nchini Ufaransa, Trust. Ilitolewa mwaka wa 1980 na ina nyimbo kumi, zote kwa lugha ya Kifaransa. Wimbo unaofungua albamu, "Antisocial", ndio unaofahamika zaidi kati ya nyimbo zote za bendi hii, na umevuka mipaka ya Ufaransa kwa sababu uliimbwa tena na bendi ya Kimarekani ya Anthrax.

Usuli

Trust ilianzishwa mwaka wa 1977 na mwimbaji Bernard "Bernie" Bonvoisin pamoja na mpiga gitaa Norbert "Nono" Krief. Bonvoisin alizaliwa mwaka wa 1956 huko Nanterre, mji wa wafanyakazi kando ya Paris. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nanterre ilikuwa na mitaa ya mabanda walimoishi wahamiaji wengi, hasa kutoka Afrika ya Kaskazini. Chuo kikuu cha mji huohuo ndicho kilichokuwa chimbuko la maandamano ya wanafunzi ya mwaka wa 1968.

Albamu ya kwanza ya bendi ilitoka mwaka wa 1979. Wakati huo bendi nyingi za roki nzito barani Ulaya ziliimba kwa Kiingereza ili zipate soko kubwa zaidi. Trust ilichagua lugha ambayo vijana wa Ufaransa waliielewa neno kwa neno. Muziki wake ulifuata mtindo wa bendi ya AC/DC ya Australia, lakini hasira ya mashairi yake ilikaribia zaidi ile ya wanamuziki wa panki.

Kurekodi

Albamu ilirekodiwa London mwanzoni mwa mwaka wa 1980 katika studio za Scorpio Sound, chini ya mtayarishaji Dennis Weinreich. Walioshiriki ni Bonvoisin (sauti), Krief (gitaa), Yves Brusco (gitaa la besi) na Jean-Émile Hanela (ngoma).

Katika kipindi hicho Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC na rafiki wa Bonvoisin, aliwatembelea studioni wakapiga pamoja wimbo wa AC/DC uitwao "Ride On". Siku chache baadaye, tarehe 19 Februari 1980, Scott alifariki jijini London.

Maudhui

Nyimbo za albamu hii zinahusu mambo yaliyokuwa yakijadiliwa Ufaransa katika mwaka wa mwisho kamili wa urais wa Valéry Giscard d'Estaing.

* "Antisocial" unamzungumzia mtu anayefanya kazi maisha yake yote bila kuinua kichwa kuwatazama wenzake. Kwa kawaida neno hili hutumika kwa kijana mkorofi. Hapa linageuzwa: anayeitwa adui wa jamii ni yule mtiifu asiyejali mtu.
* "Monsieur Comédie" (Bwana Kichekesho) unamlenga Ayatollah Khomeini, na jina la wimbo linacheza na matamshi ya jina lake. Khomeini aliishi Neauphle-le-Château, karibu na Paris, kuanzia Oktoba 1978 hadi aliporudi Iran tarehe 1 Februari 1979.
* "Au nom de la race" (Kwa jina la mbari) unakumbusha Lebensborn, mradi wa Wanazi wa kuzalisha watoto waliohesabiwa kuwa wa mbari safi.
* "Les Sectes" unashambulia madhehebu yanayowanyang'anya wafuasi hiari yao. Ulitoka chini ya miaka miwili baada ya vifo vya watu zaidi ya 900 huko Jonestown, Guyana, mwezi Novemba 1978.

Nyimbo mbili zilizozua ubishi mkubwa ni "Instinct de mort" na "Le Mitard". Zote zinahusiana na Jacques Mesrine, jambazi mashuhuri aliyehukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka wa 1977. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kiitwacho *L'Instinct de mort*. Alitoroka gereza la La Santé jijini Paris mwezi Mei 1978, na tarehe 2 Novemba 1979 polisi walimpiga risasi na kumwua akiwa ndani ya gari lake.

*Mitard* ni neno la mitaani lenye maana ya chumba cha adhabu gerezani, anamofungiwa mfungwa peke yake. Mesrine alikuwa amepinga vikali vitengo vya ulinzi mkali vya magereza ya Ufaransa. Mtu aweza kukataa matendo ya jambazi huyo na bado akauliza swali lililoletwa na nyimbo hizi: je, dola ina haki ya kumtenda mfungwa lolote itakalo? Swali hilo halikuwa la wanamuziki peke yao. Ufaransa ilifuta adhabu ya kifo mwaka wa 1981, na vitengo hivyo vya ulinzi mkali vilifutwa mwaka wa 1982.

Orodha ya nyimbo

*Upande wa kwanza*
1. "Antisocial"
2. "Monsieur Comédie"
3. "Instinct de mort"
4. "Au nom de la race"
5. "Passe"

*Upande wa pili*
6. "Fatalité"
7. "Saumur"
8. "Le Mitard"
9. "Sors tes griffes"
10. "Les Sectes"

Toleo la Kiingereza

Lilitolewa pia toleo la Kiingereza la albamu hii, ambalo maneno yake yaliandikwa na Jimmy Pursey, mwimbaji wa bendi ya panki ya Uingereza, Sham 69. Hata hivyo, toleo la Kifaransa ndilo lililobaki kukumbukwa.

Athari

Répression iliuzwa sana nchini Ufaransa na ikaonyesha kwamba roki nzito yaweza kuimbwa kwa Kifaransa na kupata wasikilizaji wengi. Mwaka wa 1981 Trust ilizunguka Uingereza pamoja na Iron Maiden. Mpiga ngoma Nicko McBrain, aliyepiga katika albamu ya tatu ya Trust, *Marche ou crève* (1981), alijiunga na Iron Maiden mwaka wa 1982. Clive Burr, aliyemwachia nafasi hiyo, baadaye alipiga ngoma katika Trust.

Mwaka wa 1988 Anthrax waliuweka "Antisocial" kwa Kiingereza katika albamu yao *State of Euphoria*. Mwaka uliofuata waliuimba kwa Kifaransa katika santuri fupi ya *Penikufesin*, ambayo ina pia wimbo wao uliotokana na "Les Sectes".