Maswali ya Usingizi na Lango la Isiolo

Mji wa Isiolo, ambao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza uliwapokea askari wa Kisomali waliomaliza utumishi wao, kisha ukawa makao ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ulikuwa kwa muda mrefu lango ambalo hapakupita kiumbe pasina kuhojiwa. Kwani sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni, na ile ya 1934 iliyoikaza, ziliifunga nchi ile hata msafiri asiye na cheti cha idhini akarudishwa alikotoka.

Ng'ombe nao hawakusalimika. Kabla ya kupandishwa Nanyuki na masoko ya kusini walizuiliwa karantini, kwa hofu ya sotoka na homa ya mapafu; na hii ya pili ndiyo iliyowashughulisha zaidi matabibu wa mifugo, kwa kuwa ng'ombe aweza kuonekana mzima, akala, akanenepa, hali pafuni limebaki donge la ugonjwa lililofunikwa na utando mgumu, hata apimwe damu ndipo siri idhihirike. Wafugaji walinung'unika, na kwa haki, maana karantini hiyo iliwakinga walowezi na ushindani kama ilivyowakinga na maradhi.

Kukatika kwa pumzi usingizini ni maradhi ya siri vilevile. Mtu hukoroma, koo likajifunga, pumzi ikasita sekunde kumi au zaidi, akagutuka, akalala tena, na asubuhi asikumbuke ila uchovu. Kipimo cha hakika ni kulala usiku kucha ukiwa umebandikwa nyaya, jambo la gharama. Ndipo yakatungwa maswali ya kuchuja. Murray Johns wa Melbourne alitoa yake mwaka 1991, akiuliza mtu husinzia kwa kadiri gani akisoma, au akiwa ndani ya gari lililosimama kwa msongamano. Yakafuata ya Berlin mwaka 1999. Na mwaka 2008 Frances Chung na wenzake wa Toronto wakatoa STOP-Bang, kwa ajili ya wanaongojea kupasuliwa.

Dereva wa lori la Moyale, mwenye kilomita zipatazo 500 mbele yake, hangojei kisu. Ukimwuliza kama husinzia atajibu, "Aa, daktari, mimi usingizi siujui," na labda asema kweli, maana shavu limejaa miraa ya Meru, iondoayo usingizi isiondoe ugonjwa. Kuhusu kukoroma, nani amshuhudie, ikiwa utingo hulala juu ya mzigo? Tena ajua kuwa jibu baya laweza kumpokonya usukani, kama wafugaji walivyojua kuwa ng'ombe mmoja mgonjwa huzuia kundi zima.

Kwa sababu hiyo naona STOP-Bang yafaa Isiolo kuliko mengineyo. Katika maswali yake manane, ni matatu tu yategemeayo ulimi: kukoroma, kuchoka mchana, na pumzi kuonekana ikikatika. Shinikizo la damu, unene uliokithiri, umri upitao miaka 50, mzingo wa shingo upitao sentimita 40, na uanaume, vyote hupimwa au huonekana. Dereva wa miaka 55 mwenye sifa hizo tano aweza kuyakana yale matatu kwa kiapo, na bado akapata alama 5, ambazo kwa kanuni ya Toronto ndizo zianzazo daraja la hatari kubwa.